Kelele za Hedseti Si za Kuzoea

Katika vyumba vingi vya kuongozea ndege kuna hedseti moja yenye sifa mbaya. Inakwaruza kila mvaaji anapogeuza shingo, au inakata sauti waya wake ukiguswa. Wenyeji wanaijua, huipita wakachukua nyingine. Anayeangukiwa nayo ni mgeni, au aliyechelewa kufika zamuni. Naye baada ya siku chache huwa ameshajifunza dawa yake: kuushika waya kwa kidole karibu na plagi, au kuuzungushia kwenye mkono wa kiti ili usicheze. Kazi inaendelea, na katika daftari la matukio hakuna aliyeandika neno.

Hatari inaanzia kwenye mazoea hayo. Mwongoza ndege hamwoni rubani usoni. Rada humwonyesha ndege ilipo, lakini kibali cha kutua, kimo cha kupanda na amri ya kusimama hupita zaidi kwa sauti, na sauti hiyo inapitia maikrofoni ndogo, waya mwembamba, plagi na swichi moja ya springi. Mnyororo mzima wa mitambo ya mabilioni ya shilingi unaishia kwenye vitu hivi vidogo, ambavyo ndivyo vinavyoshikwa, kuangushwa, kulowa jasho na kuvutwa kila siku. Kelele inayotoka humo ni hitilafu kama hitilafu nyingine yoyote ya mtambo, na inastahili kushughulikiwa hivyo tangu siku ya kwanza inaposikika.

Mazungumzo mengi kati ya ndege na ardhini husafiri katika masafa ya VHF, kati ya megahezi 118 na 137, kwa mfumo wa AM. Ni njia ya msemaji mmoja kwa wakati mmoja. Rubani anayebonyeza kitufe cha kurushia anasema na hasikii. Wengine wanasikia, na yeyote kati yao akibonyeza naye, anamziba. Mawimbi mawili yanapokutana namna hiyo, kwa kuwa hayalingani sawasawa, huzaa mluzi mkali katika masikio ya wote wanaosikiliza. Mluzi huo unaudhi, lakini una faida kubwa. Kama ndege zingetumia FM, kipokezi kingeshika sauti yenye nguvu zaidi na kuimeza ile dhaifu, na hakuna ambaye angejua kwamba mtu wa pili alisema. AM hupiga kelele, na kelele hiyo ni taarifa kwamba kuna ujumbe uliopotea. Kazi inayobaki ni ya msikilizaji, kuuulizia ujumbe huo.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Hispania, hakuna aliyeuulizia. Ndege kubwa mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa zimeelekezwa hapo baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa Gran Canaria. Ukungu ulikuwa umeshuka, mnara hauoni njia ya kurukia, na uwanja haukuwa na rada ya ardhini. KLM ilikuwa imegeuka mwanzoni mwa njia, tayari kuruka. Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo ikitafuta pa kutokea. Rubani msaidizi wa KLM alisoma maelekezo aliyopewa na kumalizia kwa maneno yaliyodokeza kwamba wanaanza kuruka. Mwongoza ndege akaitikia kwa neno moja la kukubali, akanyamaza kidogo, kisha akasema wasubiri mpaka aite. Sekunde hiyo hiyo Pan Am nayo ikabonyeza kueleza kwamba bado iko njiani. Katika chumba cha marubani wa KLM lilisikika vizuri lile neno la kukubali. Kilichofuata kilikuwa mluzi wa sekunde chache, na chini yake zilifichwa sentensi mbili ambazo yoyote kati ya hizo ingetosha kuisimamisha ndege. Watu 583 walikufa. Waliopona walikuwa 61, wote wa Pan Am.

Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, na baada yake lugha ya redio ilirekebishwa: neno la Kiingereza la kuruka sasa hutamkwa tu pale kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa. Lakini kwa mtu aliye zamuni leo, somo la karibu zaidi ni la mluzi wenyewe. Akiusikia, asikisie. Aseme wazi kwamba wawili wamerusha pamoja, kisha aite kila mmoja kwa jina lake na kungoja jibu kabla ya kuita mwingine, akianza na yule ambaye mahali alipo hapavumilii kosa: aliye juu ya njia ya kurukia, anayekaribia kugusa, anayevuka kimo cha mwingine. Rubani wa tatu, aliyesikia mluzi bila kuhusika, anapaswa kusema kwamba mawasiliano yamezibwa, kwa sababu wale wawili waliobonyeza ndio pekee wasioweza kuusikia. Na agizo likitoka bila kurudiwa na rubani, lihesabiwe kwamba halikufika, hata kama zamu ni nyepesi na rubani ni wa kuaminika.

Kitufe chenyewe kinahitaji adabu yake. Vituo hutofautiana: pengine ni swichi ya mkononi iliyo kwenye waya wa hedseti, pengine ni kitufe cha mezani, pengine ni pedali ya mguu inayoacha mikono huru kuandika. Kwa vyote kosa linalotokea zaidi ni moja, nalo ni haraka. Msemaji huanza kusema kidole kikiwa bado kinashuka, au huachia kabla neno la mwisho halijakamilika. Mtambo unahitaji kitambo kidogo kuamka baada ya swichi kufunga, na pale ambapo sauti inapitia mtandao wa kompyuta au setilaiti kwenda kwenye kituo cha kurushia kilicho mlimani, kitambo hicho huongezeka. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) wa mazungumzo ya redio unaagiza kwanza kusikiliza kama masafa yako wazi, kisha kubonyeza kikamilifu kabla ya kusema, na kutoachia mpaka ujumbe umalizike. Unataka pia kasi isiyozidi maneno 100 kwa dakika na sauti isiyopanda wala kushuka.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuogopa silabi iliyokatwa. Usajili wa ndege za Tanzania huanza na 5H, za Kenya na 5Y, za Uganda na 5X. Utaratibu wa kimataifa unaruhusu jina la usajili kufupishwa kwa kubakiza herufi ya kwanza na angalau mbili za mwisho. Kwa nchi hizi tatu herufi ya kwanza ni tano ile ile, kwa hiyo ndege mbili za mataifa tofauti zikishabihiana mwishoni, ufupisho wake unakuwa mmoja. Herufi ya pili, ile inayozitofautisha, ndiyo jirani ya silabi inayoliwa na kidole chenye haraka. Palipo na majina ya namna hiyo katika masafa mamoja, ufupisho usitumike kabisa, na mwongoza ndege awatahadharishe marubani wote wawili mapema.

Kitufe kilichokwama ni balaa la aina nyingine. Aliyekwama hasikii mtu, kwa hiyo kwake dunia imetulia. Wengine wote wanasikia mvumo wa injini yake, mazungumzo yake ya faragha, au ukimya mzito wa wimbi lisilo na sauti, na hakuna anayeweza kupenya. Redio nyingi za ndege za siku hizi hujikata zenyewe baada ya takriban nusu dakika, lakini si zote, na nusu dakika katika mkondo wa kutua ni muda mrefu. Mwongoza ndege naye anaweza kuwa ndiye mwenye kosa: pedali imebanwa na mkoba au gurudumu la kiti, swichi ya mkononi imelaliwa na paja, springi imechoka, au chai ya maziwa yenye sukari imemwagikia kitufe jana na leo kinanata. Dalili yake ni ukimya usiolingana na idadi ya ndege zilizopo. Masafa yenye shughuli yakitulia ghafla, jicho liende kwanza kwenye taa ya kurusha iliyo mezani, kisha mguu uondoke kwenye pedali, kisha swichi ya mkononi ichomolewe.

Kama aliyekwama ni ndege, njia zipo, nazo zifanyiwe mazoezi kabla ya kuhitajika. Mtambo wa akiba wenye nguvu au ulio mahali pengine unaweza kuwafikia baadhi. Wengine wataitwa kwenye megahezi 121.5, masafa ya dharura ambayo ndege nyingi za safari ndefu huyasikiliza kwa redio ya pili. Wanaopatikana wahamishiwe masafa mengine mmoja baada ya mwingine. Kwenye sehemu kubwa za anga ya Afrika marubani pia hutangaziana mahali walipo, kimo na uelekeo kupitia megahezi 126.9, utaratibu uliowekwa kwa ajili ya maeneo ambayo huduma ya ardhini ni hafifu au haipo. Huko hakuna mnara wa kusema kwamba fulani amekwama, na ndege mbili zinazokabiliana zinategemea kusikiana zenyewe. Rubani anayeruka huko ana wajibu wa kutazama taa yake ya kurusha kila anapomaliza tangazo.

Kelele nyingine hazizibi chochote, zinachosha tu, na ndizo zinazovumiliwa kwa muda mrefu zaidi. Ilhali kila moja husema inatoka wapi, mtu akijua kuisikiliza.

Mkwaruzo unaokuja mvaaji anaposogea unatoka kwenye waya au plagi. Nyuzi za ndani hukatika mahali waya unapopinda, yaani pale unapoingia kwenye plagi na pale unapoingia kwenye maikrofoni. Viwanja vya pwani kama Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa vina mzigo wa ziada, kwa sababu hewa yenye chumvi na unyevu hula metali ya plagi na ya tundu lake, na mkwaruzo unaweza kuwepo hata waya ukiwa mzima. Mvumo mzito usiobadilika ni umeme wa ukutani, wa hezi 50, uliopenya kwa sababu waya wa kinga umekatika au vifaa viwili vimeungwa kwenye ardhi mbili tofauti. Mluzi unaopanda taratibu mtu anapobonyeza husababishwa na spika ya mezani inayorudisha sauti kwenye maikrofoni. Spika ipunguzwe au ielekezwe kwingine. Ile sauti ya shaaa isiyokoma inaonyesha kizuia kelele cha kipokezi kimefunguliwa mno, au kituo kinachosikilizwa ni dhaifu.

Halafu kuna ule mlio wa kukatakata ambao kila mwenye simu Afrika Mashariki anaujua, unaosikika kwenye redio sekunde chache kabla simu haijaita. Simu ya 2G hurusha kwa mapigo yapatayo 217 kwa sekunde, na waya wa hedseti au kikuza sauti kilicho karibu huyageuza kuwa sauti. Maadamu mitandao ya 2G bado inafanya kazi katika ukanda huu, simu iliyo mfukoni karibu na plagi inaweza kuziba tarakimu moja ya kimo. Dawa yake haigharimu kitu: simu zibaki nje ya chumba, za wakubwa kwa wadogo. Msimamizi wa zamu anayeingia na yake mkononi anaifuta amri hiyo kwa siku hiyo nzima.

Kuna kosa moja ambalo mvaaji hulisababisha mwenyewe. Maikrofoni nyingi za hedseti zimetengenezwa kukataa sauti za mbali, na hufanya hivyo kwa kulinganisha sauti inayoingia mbele na inayoingia nyuma. Zinafanya kazi pale tu zinapokuwa karibu sana na mdomo. Anayeshusha maikrofoni mpaka kidevuni kwa kuwa inamkera anampelekea rubani kiyoyozi, feni na mazungumzo ya jirani, kisha anajikuta akipaza sauti. Ikae pembeni mwa midomo, kama upana wa vidole viwili, isiwe mbele kabisa ambapo pumzi ya herufi p na b huipiga. Vilevile sauti ya mwenyewe inayorudi sikioni iwekwe sawa na fundi. Ikiwa ndogo watu hupiga kelele, ikiwa kubwa hunong'ona, na mara nyingi lawama ya sauti ya fulani kuwa hafifu humwangukia mtu badala ya kipimo hicho.

Kutafuta chanzo kunahitaji subira kidogo na mpangilio. Jaribio la kwanza ni kuhamisha hedseti ile ile kwenye meza nyingine isiyo na kazi. Kelele ikihama nayo, hedseti ndiyo mbovu. Ikibaki kwenye meza ya kwanza hata kwa hedseti nyingine, tatizo liko kwenye tundu la plagi, swichi au paneli. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha hedseti, tundu na masafa kwa pamoja hupata nafuu bila kujua ameponywa na nini, na kesho kelele itarudi.

Jaribio la pili liko kwenye kumbukumbu za sauti. Kanuni za ICAO zinataka mazungumzo ya kuongoza ndege yarekodiwe na kutunzwa kwa angalau siku 30. Mafundi wanaweza kusikiliza dakika husika, na jibu lake lina thamani kubwa: kelele iliyosikika sikioni lakini haimo kwenye rekodi huelekea kutoka kwenye hedseti au meza, na iliyomo kwenye rekodi imetoka mbali zaidi, kwenye kipokezi, njia ya mawasiliano au kituo kilicho mlimani. Kwa kuwa VHF husafiri kwa mstari ulionyooka na haivuki milima wala mviringo wa dunia, nchi kubwa kama Tanzania huhitaji vituo vya namna hiyo mbali na mahali mwongoza ndege alipokaa. Mtu anaweza kuhangaika na plagi yake Dar es Salaam wakati hitilafu iko mamia ya kilomita bara. Inafaa kuwauliza mafundi rekodi inachukuliwa sehemu gani ya mnyororo, maana vituo havifanani.

Haya yote hayawezekani bila taarifa nzuri. "Hedseti ina kelele" haimsaidii fundi. Kinachomsaidia ni saa na dakika kwa muda wa UTC, masafa, meza, namba ya hedseti, aina ya kelele, kama ilikuja wakati wa kusema au wa kusikiliza, na kama ilizuia neno lolote. Kila hedseti iwe na namba iliyobandikwa. Iliyo mbovu ivishwe kitambulisho chekundu na kutoka chumbani saa hiyo hiyo, kwa sababu ikibaki kwenye ndoano itavaliwa tena usiku. Ndiyo maana bajeti ya hedseti za akiba si anasa. Msimamizi asiye na akiba humlazimisha mtu wake kuchagua kati ya kufanya kazi na kifaa kibovu na kuacha ndege bila sauti, na kila mtu atachagua kifaa kibovu.

Matengenezo nayo yanahitaji mpango. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002 katika kituo cha Zurich nchini Uswisi, mfumo mkuu wa simu ulikuwa umezimwa kwa matengenezo na laini ya akiba haikufanya kazi. Mwongoza ndege alikuwa peke yake, akihudumia meza mbili na masafa mawili, huku akihangaika kupiga simu isiyopita kwa ajili ya ndege iliyokuwa inakwenda kutua Friedrichshafen. Wenzake wa Karlsruhe, Ujerumani, waliona hatari kwenye rada zao na hawakuweza kumpata kwa simu. Ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, watu 71 wakafa. Kabla kifaa chochote cha sauti hakijazimwa, hata kiwe kidogo, kile kinachokaimu nafasi yake kijaribiwe kwa mazungumzo ya kweli, na aliyeko zamuni aambiwe kabla ya kukaa kitini.

Mwisho ni sikio lenyewe. Waongoza ndege wengi hupandisha sauti ili kuzidi kelele, na hapo mwili huanza kulipa. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hupungua nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Mluzi au mshindo wa ghafla una madhara yake hata ukiwa mfupi. Wataalamu wa Australia waliowachunguza wafanyakazi wa vituo vya simu wameeleza maumivu ya sikio, hali ya sikio kujaa, mlio usiokoma, kizunguzungu na woga wa sauti, pengine vipimo vya kawaida vya kusikia vikiwa havionyeshi kitu. Aliyepigwa na sauti ya namna hiyo asimalize zamu kwa ujasiri. Akabidhi meza, tukio liandikwe kama ajali kazini, na aonane na daktari wa masikio.

Kila zamu ianze kwa kushusha sauti mpaka chini, kuchomeka plagi, kuvaa, kisha kupandisha taratibu, kwa kuwa aliyetangulia huenda aliiacha juu. Sponji za masikio na za maikrofoni ziwe za mtu binafsi. Mwenye hedseti ya sikio moja abadilishe upande kila zamu. Cheti cha afya cha daraja la 3, kinachotakiwa kwa waongoza ndege, kwa kawaida hakiruhusu upungufu wa kusikia unaozidi desibeli 35 kwenye hezi 500, 1,000 na 2,000, au desibeli 50 kwenye hezi 3,000, katika sikio lolote. Kufaulu kipimo hicho hakuonyeshi ni kiasi gani kimepotea tangu mwaka jana, kwa hiyo mwongoza ndege aombe nakala ya kila mchoro wa kipimo chake tangu ule wa kwanza wa kuajiriwa, na kila mwaka amtake daktari aulinganishe mpya na wa kwanza, sikio la kulia na la kushoto.